Daftari Tulilolichoma Nyololo

Wasifu wa Tabibu Kihwele waliusoma kwenye kipaza sauti kibovu, hapo hapo uwanjani kwake Nyololo, na mimi nilikuwa nyuma kwenye mafiga na akina mama wa kupika, mikono inanuka vitunguu. Nilitoka Mbeya asubuhi ya siku hiyo kwa sababu nilipigiwa simu, na nisingekwenda ningeulizwa. Aliyesoma ni binti yake mkubwa, ana sauti nzuri, hakulia hata kidogo. Akasema baba yake alitumikia zahanati miaka yake yote ya kazi. Akasema hakumfukuza mgonjwa hata mmoja. Halafu akasoma hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Alimpokea kila mtu bila kumuuliza ya nyuma." Akina mama wakaguna kwa kusifia. Mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akasema, "Kweli kabisa, alikuwa baba wa watu." Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini, maana niliona nikiendelea kuushika nitamgonga nao mtu. Bila kumuuliza ya nyuma! Hicho ndicho kilichomuua Lukelo na kikakaribia kuniua mimi, leo wanakisoma msibani kama sifa, na watu wanaitikia.

Naitwa Tusekile. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo mtakaosoma mnivumilie. Wengine wakiandika maisha yao huanza na babu na bibi. Babu yangu namwacha apumzike. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja, ule niliokaa Nyololo, na nataka kuandika nikiwa na hasira bado, kwa sababu hasira zikipoa nitaanza kusema kila mtu alikuwa na nia njema.

Kabla ya mwaka huo nilikuwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nauza mchele. Mchana mchele, jioni kilabuni. Nilianza na komoni, nikaingia gongo, mwishowe nilikuwa nakunywa asubuhi ili mkono utulie nipime mchele bila kuumwaga. Wateja walikuwa wananitania, "Dada Tuse, leo kisado kinacheza ngoma." Siku moja nilijaribu kuacha mwenyewe, nikakaa siku mbili bila kunywa, ya tatu nikaanguka kifafa juu ya magunia. Wakanipeleka hospitali. Wodini nilimkuta daktari mwanamke, Daktari Atupele, mtu wa maneno machache, miwani ameifunga kwa uzi. Alinipa diazepamu, vidonge vile vya njano, siku chache tu, kila siku anapunguza, na nesi anasimama mpaka nimeze. Siku ya kutoka akachukua daftari langu la hospitali. Msiojua, huku kwetu rekodi ya mgonjwa ni daftari la shule, unalinunua dukani nje ya geti, unatembea nalo wewe mwenyewe kila uendako. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwa kalamu nyekundu kwa Kiingereza, halafu akanisomea kwa Kiswahili. "Nimeandika kwamba ulikuwa mnywaji sana na ulianguka kifafa ulipoacha. Nimeandika dawa hii usipewe nje ya hospitali bila mtu kukusimamia. Mtu aliyeshikwa na pombe, hii dawa inamshikia palepale. Umenielewa, mama?" Nikasema nimeelewa. "Basi usilipoteze. Ukienda popote, mwambie daktari asome hapa kwanza kabla hajaandika kitu." Nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya kiwanja.

Nikahamia Nyololo kuwapikia watu wa mbao. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayejua nilivyokuwa nalala kwenye magunia. Nilipewa chumba nyuma ya mashine ya kupasulia, ukuta wa mabanzi, na harufu ya paini iliingia mpaka kwenye ugali. Ukungu ulikuwa unakaa mlangoni hadi saa nne. Huko nikakutana na Lukelo. Alikuwa mpasuaji mbao, mrefu, kidole kimoja kilikatwa na msumeno siku aliyokuja kazini amelewa ulanzi, pombe ya mwanzi. Alikuwa haachi utani. Siku ya kwanza namwekea maharage akayatazama, akasema, "Dada wa Mbeya, haya maharage yameokoka? Mbona hayana hata chumvi ya dhambi?" Tulitambuana upesi. Mlevi anamjua mlevi hata akiwa amekauka. Ukimwona mtu anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, umeshajua.

Mwezi wa nane ukaja uamsho pale usharikani. Wiki nzima ya kuhubiriwa, na Jumapili ya mwisho wanaookoka wanaleta vitu vya maisha ya zamani vichomwe mbele ya kanisa. Watu walileta hirizi, walileta vibuyu, mama mmoja alileta barua za mwanaume. Lukelo alileta mbeta yake, kile kipande cha mwanzi cha kugemea ulanzi, amekitumia mpaka kimekuwa cheusi. Mimi sikuwa na kitu. Gongo nilikuwa nakunywa kwenye vikombe vya watu. Nikasimama mikono mitupu na aibu imenijaa, maana wenzangu wote wana cha kutupa. Mama Mwinjilisti, mke wa mwinjilisti wetu, ndiye aliyekuwa ananilea kiroho. Akanisogelea akaninong'oneza, "Mwanangu, huna hata kitu kimoja chenye jina la ulevi wako?" Nikakumbuka daftari. Jina la ulevi wangu lilikuwa mle, kwa kalamu nyekundu. Nikakimbia chumbani nikalileta. Akalifungua, akaangalia yale maandishi mekundu, akasema, "Hii ndiyo hati ya mashitaka ya shetani. Itupe." Nikaitupa. Watu wakaimba. Nililiangalia likijikunja, ukurasa wa kwanza uliungua wa mwisho, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Mpaka leo nikiona watoto wanachoma makaratasi natoka nje.

Jumatatu yake Mama Mwinjilisti alininunulia daftari jipya, la jalada la bluu, akaandika mwenyewe jina langu kwa mwandiko mzuri. Ndani tupu. Namtaja kwa sababu lazima atajwe, na simtaji kwa chuki, maana alinilisha nyumbani kwake kila Jumapili, viazi na maharage na chai ya maziwa, sebuleni kwenye vitambaa vyeupe ambavyo nilikuwa naogopa kuviegemea. Lakini lazima atajwe.

Wokovu haukuniondolea mapigo ya moyo. Kufika mwezi wa kumi nilikuwa siwezi kusimama ibadani. Kifua kinabana, mikono inatoa jasho, naona kama kuna kitu kibaya kimeshatokea na bado sijaambiwa tu. Mama Mwinjilisti akanishika mkono akanipeleka zahanati. Chumba cha Tabibu Kihwele kilikuwa na meza moja, benchi, bango la mama anayenyonyesha, na birika la chai juu ya jiko la mchina. Alikuwa mtu mchangamfu. "Kamwene, Mama Mwinjilisti! Umeniletea nani leo?" Akafungua daftari langu jipya, akakuta weupe, akachukua kalamu. Akaniuliza nalalaje, nakulaje, mimba ninayo. Nikamjibu. Halafu akauliza, naapa aliuliza, lakini aliuliza akiwa tayari anaandika: "Pombe?"

Nilifungua mdomo. Mama Mwinjilisti akanitangulia. "Daktari jamani, huyu ameokoka! Ni mwimbaji wa kwaya. Unamtukana." Wakacheka wote wawili. Tabibu akasema, "Samahani, mtumishi, ni kazi tu hizi," akaandika. Mimi nikafunga mdomo. Kwetu mtu aliyeokoka habari zake za zamani anazitoa siku ya ushuhuda, madhabahuni, akishikwa mkono. Kuzitoa kwenye kiti cha zahanati ni kama kurudi kuzifukua. Na nilikuwa na nafasi yangu kwenye kwaya, sikutaka kuipoteza. Kwa hiyo aliyetaka kujua hakusubiri jibu, aliyejibu hakuulizwa, na aliyeulizwa alinyamaza. Nikatoka na diazepamu, vidonge sitini kwenye bahasha ya kaki, kutwa mara mbili.

Nilivitambua. Nisidanganye hapa. Vile vile vya njano vya wodini. Lakini nilijiambia huyu ni daktari, na mimi ni mtu mpya, na hii siyo pombe. Ahadi yangu madhabahuni ilikuwa ya pombe. Nikameza. Ndani ya nusu saa yule mtu anayekaa kifuani mwangu akateremka akaenda zake. Nilipika siku hiyo nikiimba. Wapasuaji wakasema, "Leo chumvi imekolea." Wenye akili zao watasema dawa ni dawa, na wapo watu inawasaidia, nimewaona, sisemi ni sumu. Nasema mimi nilikuwa nimeandikwa, na maandishi yalikuwa majivu, na mwenye kalamu hakuhangaika kuandika upya.

Kufika Krismasi viwili vilikuwa havifanyi kitu. Nikawa nameza vinne, kisha sita. Kila nikirudi zahanati Tabibu Kihwele alikuwa anaangalia ukurasa wa nyuma, anaona alichoandika mwezi uliopita, ananakili. "Endelea, mama, naona umenawiri." Hakuwahi kufungua macho yangu kuyaangalia. Vikiisha kabla ya mwezi nilikwenda duka la dawa la Edina pale barabarani, yule aliyekuwa anauza dawa na vocha na mafuta ya nywele. Cheti hakuuliza. Aliuliza, "Vya njano tena, mwaya?" na anacheka, kama mama muuza komoni wa Mwanjelwa alivyokuwa anacheka. Kicheko kile kile. Hapo ningejua. Sikujua, au nilijua nikakaa kimya, siku hizi sioni tofauti yake.

Na sasa Lukelo. Alikuwa anateseka kuliko mimi, hakutaka kwenda zahanati, alisema Tabibu anamjua tangu kile kidole. Mwezi wa kwanza ulanzi ukaanza kutoka, kila kona ya kijiji inanuka utamu, na yeye anapita akiwa ameziba pua kwa kitambaa, watu wanamcheka. Mchana mmoja alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya gogo, anatetemeka, chakula hakugusa.

"Dada, wewe unafanyaje? Mbona wewe umetulia hivi?"

"Nasali."

"Hata mimi nasali. Nasali mpaka magoti yameota sugu. Niambie ukweli."

Nikamwambia ukweli. Nikachana karatasi katikati ya lile daftari la bluu, nikamfungia vidonge kumi. Wiki iliyofuata nikamfungia tena. Tulikuwa tunagawana kama wanavyogawana chumvi watu wa nyumba moja. Akarudi kuwa Lukelo, utani ukarudi. Alikuwa ananiambia, "Dada wa Mbeya, siku ya hukumu nitasema ulinipa mana." Nilicheka. Nilijiona nimemwokoa.

Mwezi wa pili jirani wa mama yake, Mama Ngela, aliita mgowe wa kupalilia mahindi. Mgowe ni kazi ya pamoja. Watu wanakuja na majembe, wanalima shamba lako siku moja, na wewe unawapa chakula na ulanzi. Mwanaume kukataa kikombe cha mgowe ni kama kumwambia mwenye shamba kwamba amekitia kitu kibaya. Lukelo alikuwa amekataa mwanzo. Wakamtania, "Mchungaji, basi onja tu, mbingu haifungwi kwa kikombe." Akanywa vikombe viwili. Watu waliokuwepo wote wamesema viwili, hata wale wasiompenda. Asubuhi hiyo alikuwa amemeza vinne vya kwangu. Baada ya kula alisema anajisikia usingizi, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, mgongo ukutani. Walimwacha wakarudi kupalilia mistari iliyobaki. Waliporudi walidhani amelala. Mmoja akampaka masizi usoni kwa utani, wakacheka, halafu wakaona hafuti.

Alizikwa na masizi hayajatoka vizuri kwenye nyusi. Tabibu Kihwele alikuja, akanusa mdomo, akasema pombe. Basi. Wazee wa kanisa wakakaa, wakasema ameanguka kwenye dhambi na amefia humo. Kengele haikupigwa. Kwaya haikuimba, na mimi niliyekuwa kwenye kwaya nilisimama na wenzangu mbali, karibu na miti, tumefunga midomo kama tulivyoagizwa. Mama yake alikuwa anatazama upande wa kanisa, anasubiri. Alisubiri mpaka udongo ukaisha kurudishwa, anasubiri kengele.

Kesho yake nilikwenda zahanati peke yangu. Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Daktari, Lukelo alikuwa anameza vidonge vyangu. Na mimi mwenyewe nilikuwa mlevi, nilianguka kifafa Mbeya, daktari aliandika nisipewe." Aliweka kikombe cha chai chini. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akainuka, akachungulia dirishani, akarudi akaniambia kwa sauti ya chini, "Tusekile, ukisema hivyo nje, wewe ndiye uliyempa. Umenielewa? Mimi nilimwandikia Tusekile, sikumwandikia Lukelo. Nenda nyumbani upumzike." Halafu akavuta daftari, akaniandikia vidonge vingine sitini. Nikavichukua. Msomaji, nilivichukua, na nilimeza vitatu kabla sijafika barabarani.

Mwezi wa nne Edina akaishiwa, zahanati nayo ikaishiwa, siku ya tatu nikaanguka kwenye jiko. Kovu ninalo hapa kwenye shavu. Wapasuaji wakanipakia kwenye lori la mbao mpaka Mbeya. Wodi ile ile. Daktari Atupele alikuwa amenenepa kidogo, miwani bado ina uzi. Akaniuliza, "Daftari liko wapi?" Nikasema, "Nililichoma." Akauliza nani alikuambia ulichome, nikasema kanisani, tulikuwa tunachoma vitu vya dhambi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo madaktari hawafanyi, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Hakunihubiria. Akasema, "Tutaanza upya. Safari hii itakuwa polepole sana, miezi, na utanichukia." Nilimchukia miezi saba. Tangu hapo kila daftari ninalonunua naandika mwenyewe juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: ALIKUWA MLEVI WA POMBE NA VIDONGE. ULIZA KWANZA. Manesi vijana wananionea huruma, wanasema, "Mama, unajidhalilisha." Nawaambia soma, mwanangu, soma halafu ndiyo unihurumie.

Lakini kwa mama yake Lukelo sikwenda. Miaka yote hiyo. Yale maneno ya Tabibu, wewe ndiye uliyempa, yalinikaa kooni, na yalikaa kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mpaka siku hiyo ya msiba. Waliposoma ile sifa nikavua kanga ya kupikia, nikamkabidhi mwiko yule mama wa mchele, nikatoka kabla jeneza halijafunikwa.

Mama Lukelo nilimkuta jikoni kwake anakoka moto, amekuwa mdogo, macho hayaoni vizuri. Hakwenda kuzika. "Nani?" akauliza. Nikasema, "Tusekile, mama. Yule mpishi wa mashine." Akanisogezea kigoda, akaanza kutafuta kikombe cha kunipa chai. Nikamwambia asinipe kitu kwanza. Nikamweleza ya wengine kama nilivyoandika hapa: Mama Mwinjilisti na moto, Kihwele na kalamu yake, Edina na kicheko chake. Nikamwambia Lukelo alikuwa amemeza vidonge visivyopatana na pombe, kisha akanywa vikombe viwili kama wanaume wote wa mgowe ule, na wenzake waliamka kesho yake wakaenda kazini. Akanisikiliza akigeuza kijinga kwenye moto.

"Kwa hiyo kengele walimnyima bure," akasema.

"Bure, mama."

"Na hivyo vidonge alivitoa wapi? Huyo Kihwele alimpa?"

"Hapana. Nilimpa mimi."

Maji yalichemka yakamwagikia motoni na hakuyaepua. Halafu akasema, wala hakuwa ananiangalia, "Mimi Mama Ngela simsalimii tangu siku ile. Nilisema ulanzi wake ulitiwa kitu. Nimepita mbele ya mlango wake miaka yote hii kama napita mbele ya choo. Alipofiwa na mumewe sikwenda." Akaepua sufuria kwa mikono mitupu. Akatafuta fimbo yake ukutani.

"Inuka," akasema.

"Twende wapi, mama?"

"Kwani kwa Mama Ngela hupajui? Hapo tu. Utamwambia na yeye. Ukishamaliza kwa huyo, Jumapili kanisani. Mimi nitakushika mkono, maana ukiachwa peke yako unanyamaza."

Tukapita katikati ya mahindi, yeye mbele anapapasa njia kwa fimbo, mimi nyuma. Kutoka kwa Kihwele kipaza sauti kilikuwa bado kinaendelea, sasa wanatangaza utaratibu wa chakula. Mlangoni kwa Mama Ngela akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Kamwene." Kisha mlango ukafunguka, bibi mmoja mwembamba akasimama anatutazama, mikono ina unga.

"Nimekuletea mtu," Mama Lukelo akasema. "Ana majina ya kukutajia."

Nikaanza na langu.